Nati ya Mizunguko Miwili

Nina hasira mpaka kope zinanicheza. Leo nimeaibika mchana kweupe, uani, mbele ya kijiji kizima (sawa, nusu kijiji), na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe na spana yangu. Nawasimulia sasa hivi kabla hamjaletewa na wengine wenye chumvi zao.

Kwa msionijua: naitwa Tumaini, mtu wa Makambako, fundi mitambo. Mwaka wa pili huu niko Mafia, kwenye shamba la minazi karibu na Kiegeani. Trekta tunalo moja. Dereva wake ni Mzee Faki, mzaliwa wa hapahapa, ameliendesha tangu mimi navaa sketi ya shule ya msingi. Chuo hajakanyaga. Mimi nimekikanyaga miaka mitatu na cheti nimekitia fremu. (Ndiyo, fremu. Endeleeni kusoma.)

Trekta linavuta tela la kubinua. Ukivuta kishikio, mafuta ya haidroliki yanakimbia kwenye paipu, yanaingia kwenye jeki iliyo chini ya tela, na tela linainuka kama beseni linalomwagwa maji. Wiki iliyopita paipu ilipasuka. Nikaagiza nyingine Dar, ikaja na boti ya Nyamisati, nikaifunga kwa mikono yangu hii. Tangu siku hiyo mafuta yanapungua. Kila siku. Na chini hakuna tone!

Nyie hamjui hiyo inavyouma. Mafuta yakivuja, fuata tone utapata tundu. Haya yalikuwa yanapungua kimyakimya kama sukari kwenye nyumba yenye wapangaji wengi. Nimekaza kila nati. Nimekaza hata nati zisizohusika. Jana jioni nikafagia mchanga chini ya trekta na tela, nikausawazisha kama naandaa kitanda cha mchicha, ili tone lolote lionekane.

Leo saa moja asubuhi nimefika. Mchanga msafi, una nyayo za kuku tu. Nikachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yameshuka vidole viwili tangu jana asubuhi.

Nikapiga teke tairi. (Msipige teke tairi la trekta mkiwa na viatu vya wazi.)

Na leo si siku ya mchezo. Watu wa hifadhi ya bahari walitengeneza vitalu vya saruji hapa uani kwetu, vile vizito vya kufungia maboya ya mpaka, kwa sababu sisi tuna maji baridi na mashine ya kuchanganyia. Vilikuwa viende Utende kwa tela letu, vibinuliwe mchangani, vipakiwe kwenye boti kabla maji hayajatoka. Maji yakitoka, boti inakaa juu ya mchanga kama kuku anayeatamia, na kazi imekufa mpaka kesho. Afisa wao, dada mmoja anaitwa Salma, alikuwa ameshatuambia mapema: "Trekta likidondosha hata tone moja la mafuta, halikanyagi ufuo." Meneja akamjibu kwamba fundi wake ni mzuri. Fundi wake ni mimi.

Basi nikaanza. Nikawasha trekta, nikainua tela tupu, nikapitisha kipande cha boksi kwenye kila kiungo. Hiyo ndiyo njia, kiganja hakipitishwi pale, kwa sababu mafuta yenye msukumo yanatoboa ngozi. Kama kuna mvuke wa mafuta, boksi linapata doa. Nikalitazama. Kavu. Nikaligeuza. Kavu. Nikamalizia kwa nati ya paipu mpya. Kavu kama mdomo wangu.

Mzee Faki akafika, kikoi kiunoni, redio begani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Yameshuka tena?"

"Yameshuka."

Akainama, akaangalia ile nati. "Fundi, nilikwambia juzi. Hii nati inakaza haraka mno. Ile ya zamani ilikuwa ikiingia kwa vidole, unazungusha weee, ndipo unatia spana. Hii imezunguka mara mbili ikagoma."

"Imekaza, Mzee Faki. Nati ikikaza imekaza."

"Mimi nasema tu."

"Mimi nimesomea."

Nimeandika hivyo ili mjue nilisema. Kwa sauti. Mbele ya Bi Mize, mke wake, aliyekuwa anawasha jiko lake pale pembeni. Bi Mize ndiye anayetulisha vitumbua na chai uani kila siku Mungu aliyoijalia, na mimi ndiye mteja wake mkubwa kuliko wote. Alivunja kuti moja kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mzee Faki akaenda kuangalia maji ya rejeta. Mimi nikapanda kwenye kiti cha dereva kuzima injini. Mguu wangu ukagonga kitu chini ya kiti. Nikainama. Dumu! Dumu la njano, la lita tano, limefunikwa na gunia. Nikalivuta. Zito. Nikaliinua kwenye jua. Ndani, mafuta. Rangi ya asali iliyoungua, mazito, yanajivuta pole pole ndani ya dumu. Rangi ileile ya mafuta yangu ya haidroliki.

Nikasikia damu inapanda kutoka kwenye nyayo.

Wiki nzima! Wiki nzima nalala nikihesabu nati, kumbe mtu ananichotea! Na bado ananipa mashauri ya mizunguko miwili!

Hapo mtu mwenye akili angefungua kifuniko, akanusa. Kifuniko kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba yake, kinanisubiri. Sikunusa. Nilishuka na dumu, nikapanda juu ya kitalu kimoja cha saruji ili nionekane vizuri (urefu wangu mnaujua), nikapaza sauti: "Meneja! Njoo uone!"

Meneja akatoka ofisini. Dada Salma naye, alikuwa amefika tu na pikipiki, kofia ya chuma bado kichwani. Wanawake wanaofua nazi wakaacha kufua. Wapakiaji waliokuwa wakisubiri tela wakasogea. Hata wapita njia wakasimama kwenye ua, maana sauti yangu ni ya Makambako, ya kuitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine.

"Mafuta hayavuji," nikasema. "Yanaibwa. Haya hapa. Nimeyakuta chini ya kiti cha dereva."

Mzee Faki aligeuka taratibu na ndoo ya maji mkononi. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kilichoandikwa vibaya.

"Mimi?" akasema.

"Dumu lako au silo?"

"Langu."

"Mmesikia wenyewe!"

Meneja akajifuta jasho. "Mzee Faki, weka funguo mezani kwangu. Tutazungumza." Alisema taratibu, lakini kila mtu alijua maana yake. Mtu ameendesha trekta maisha yake yote, anaambiwa aweke funguo mezani. Nami nimesimama juu ya saruji nikijisikia hakimu. Nakumbuka nilikunja mikono. Nakumbuka hata nilitikisa kichwa kidogo, ile ya kusikitika kwa niaba ya taifa.

Bi Mize akanyanyuka. Akafunga kanga vizuri. Akatembea mpaka kwangu, wala hakuharakisha, akanyoosha mkono. "Lete."

"Bi Mize, huu ni ushahidi."

"Lete, nikwambie."

Nikampa. Akafungua kifuniko, akarudi kwenye jiko lake, akamimina mafuta kwenye chuma cha vitumbua, tundu baada ya tundu. Yakachemka. Uani kukanukia nazi. Akachota uji wa mchele, akatia, ukapiga *chwaaa*. Akageuza kwa kijiti. Akasubiri. Watu wote wakasubiri naye, meneja akiwemo. Kitumbua kilipoiva akakitoa, akakiweka kwenye kipande cha gazeti, akaniletea mpaka pale juu ya jukwaa langu.

"Kula ushahidi," akasema.

Mafuta ya nazi. Ya kujipikia nyumbani, yaliyozidi moto kidogo ndiyo maana rangi imekolea. Mzee Faki huyabeba kwenye trekta kila asubuhi kwa sababu mkewe mgongo unamsumbua. Na hivyo vitumbua nimevila mwaka wa pili huu bila kujiuliza vinakaangwa na nini.

Watu wakacheka. Nyie! Wanawake wa nazi walicheka wakashikana mabega. Dada Salma alijifanya anavua kofia, ikamchukua dakika nzima kuvua.

Ningeshuka hapo. Ningesema samahani, tungecheka, yangeisha na kitumbua. Lakini mimi nikikosea huwa nakosea na fungu la ziada. Nikasema, na kitumbua mkononi: "Basi hilo si lenyewe. Ila kuvuja halivuji! Kama halivuji na yanapungua, yanaenda wapi? Mzee Faki atuambie yanaenda wapi!"

"Yanavuja kwenye nati," Mzee Faki akasema.

"Haivuji!"

"Likiwa tupu, haivuji. Jaribu likiwa na mzigo."

Unajua maneno ya kweli yanavyoudhi yakisemwa kwa sauti ndogo? Nikawaka. "Pakieni! Pakieni vitalu vyote! Nitawaonyesha hapahapa." Wapakiaji wakapakia, wakitweta, mmoja akinitazama kana kwamba ananiambia nivipakie mwenyewe. Nikawaambia watu wote wasogee mbali na tela, mpaka kwenye ukuta. Hapo tu ndipo nilipokuwa na akili leo. Kisha nikagundua jambo: trekta hilo hakuna mwingine anayeliweza kwa mzigo ule. Kwa hiyo mwizi wangu ikabidi nimrudishie funguo.

"Mzee Faki, panda ubinue kidogo."

Alipanda. Akawasha. Mimi nikasimama kando ya nati, kipande cha boksi mkononi, uso kwa hadhira, kama mwalimu na ubao.

"Fundi, ondoka hapo," akapiga kelele kushinda injini. "Umeielekea nati."

"Usinifundishe kazi! Vuta!"

Akasita. "Ondoka, mwanangu!"

Nikarudi nyuma hatua mbili, kwa kumridhisha tu. Naandika haya nikiwa na macho yote mawili kwa sababu ya hatua hizo mbili.

Akavuta. Tela likanyanyuka shibiri moja. Nikasogeza boksi kwa mkono mrefu, nikalionyesha kwa watu. "Mnaona? Kav—"

PAA!

Nati ikafyatuka. Boksi likanitoka mkononi likaruka juu ya paa la stoo. Tela likashuka na vitalu vyake vyote kwa kishindo, kuku wakapaa, na mafuta yakanipata kuanzia kwenye paji la uso mpaka kwenye soksi. Mdomo ulikuwa wazi, si nilikuwa nahutubia! Mzee Faki alizima injini papo hapo, la sivyo ningeoga lita zote. Nilisimama. Sikuona kitu. Nilisikia tone, tone, tone, nikajua ni mimi ninayedondosha.

"Sasa yanavuja," Bi Mize akasema.

Jamani kicheko hicho! Kuna mama mmoja alilala chini kwenye makumbi ya nazi. Meneja, mtu ninayemheshimu, aliingia ofisini akafunga mlango, na kupitia dirishani tukamsikia.

Na bado. Dada Salma akachuchumaa kuangalia chini ya tela. "Mbona wiki nzima hapakuwa na tone?" akauliza. Mzee Faki akaingiza mkono kwenye boriti la chuma lililo chini ya tela, pale ambapo vipande vya makumbi hujisokota kila tunapobeba nazi. Akavuta kishungi. Akakikamua. Mafuta yakatiririka kama anakamua tui. Akavuta kingine, na kingine. Yote yaliyopungua wiki nzima yalikuwa mle. Kila tela lilipoinuka na mzigo, nati ilitema kidogo, makumbi yakanywa. Nilifagia mchanga kama kichaa na mafuta yako shibiri moja juu ya kichwa changu.

Kisha akaenda nyuma ya stoo akarudi na kipande cha paipu ya zamani, nati ikiwa bado kichwani pake. Alikihifadhi. (Mimi nilikitupa, akakiokota.) Akanishika kiganja kilichojaa mafuta, akanipa ile nati ya zamani. "Zungusha hapa kwenye jeki."

Nikazungusha kwa vidole. Ikateleza mara moja, mbili, tatu, nne, tano, laini kabisa.

"Na mpya yako."

Moja. Mbili. Ikagoma.

Uzi wa nati ile mpya, ile mistari ya ndani, ni wa kipimo kingine. Ukiziweka pamoja ni mapacha, moja ya inchi, moja ya milimita. Inang'ata mizunguko miwili, inakwama, na wewe na spana yako na cheti chako mnaamini imekaza. Tena mimi nilikuwa nimechomeka bomba kwenye spana kuongeza nguvu. Nilikuwa naisaga uzi wake kila asubuhi kwa bidii.

Hapo nikakumbuka kitu. Paipu ilipokuja kutoka Dar, ndani ya mfuko kulikuwa na kiunganishi kidogo cha chuma, upande mmoja uzi huu, upande mwingine uzi ule. Nilidhani muuzaji amekosea. Wiki nzima kimekuwa mezani kwangu, kikikalia risiti zisipeperushwe na feni.

Nikatembea kwenda kukichukua. Viatu vinalia *chwipu chwapu*. Watu wananisindikiza kwa macho. Nikakileta. Mzee Faki akaikagua ile nati mpya. Ilikuwa imesagika juu juu tu, mzunguko wa kwanza. Akausafisha uzi kwa tupa ndogo, taratibu, akanirudishia. "Funga, fundi." Hakusema kwa kejeli. Nikafunga kiunganishi kwanza, kisha paipu. Kwa vidole. Mizunguko mitano. Ndipo spana, robo tu.

Tukaongeza mafuta, akabinua kidogo na vitalu vyote. Nikapitisha boksi jipya. Likatoka kavu.

Nikadhani yameisha. Nikamsogelea Bi Mize, nikasema kwa sauti ndogo, "Naomba chai."

Hakunitazama. "Chai ipo. Heshima ya mume wangu iko wapi?"

Nikamgeukia Mzee Faki. "Mzee wangu, samahani kama nimekukwaza."

"Kama?" akasema.

Watu wakasema "eeeh!"

"Samahani kwa kukukwaza."

"Mwizi ulinitangaza wapi?"

Nikaelewa. Vitalu vyote vilikuwa vimeshapakiwa, kwa hiyo ikabidi nipande juu ya bonge la saruji iliyoganda, mafuta yakinichuruzika mgongoni, nzi wakinisalimia, nikapaza sauti ileile ya Makambako: "Mzee Faki hakuiba! Mafuta yalikuwa yanavuja kwenye nati niliyoifunga mimi! Alinieleza tangu juzi nikamdharau! Mzee Faki, nimekukosea, wewe na mkeo. Naomba unisamehe."

Hilo la "mkeo" lilinitoka tu. Sikupanga. Nilikuwa nimemwona Bi Mize anajifuta jicho kwa ncha ya kanga, na ndipo nikajua kwamba wakati sisi tunasubiri kitumbua kiive, yeye alikuwa anajizuia asilie.

Mzee Faki akajifuta mikono. Akafunga kikoi upya. (Huyu mzee anajua kuwasubirisha watu, awe mwanasiasa.) Kisha akasema, "Nimekusamehe. Teremka usije ukaanguka, maana utasema nimekusukuma."

Meneja akatoka ofisini, macho mekundu kwa kucheka, akamwambia funguo abaki nazo, naye akamwomba radhi. Vitalu vikaondoka. Boti ilipakiwa maji yakiwa magotini, ikawahi kwa pumzi ya mwisho, na ufuo haukupata tone.

Mimi sikwenda Utende. Dada Salma alinipa magunia mawili na koleo, nikazoa makumbi yote na mchanga wote ulioloa, jua la saa saba, hadhira ikiwa haijatawanyika. Alipokuwa anaondoka aliuliza, "Hapa fundi wenu ni nani hasa? Tuna winchi ya boti inavuja." Wanawake wote wa nazi, kwa pamoja, bila kupanga, wakanyoosha vidole kule lilikokwenda trekta.

Nami nikanyoosha.

Nimeoga mara tatu kwa sabuni ya kufulia na bado nateleza kwenye kiti. Anayetaka kucheka acheke kimya kimya: mafuta yameniziba sikio moja tu, la pili linasikia vizuri.